«Unasalia wapi?» Historia ya mtu asiye na dini katika Fizi na Baraka



Hapa kwetu mgeni akifika mtaani, awe amekimbia vita milimani ama amerudi kutoka kambi ya Nyarugusu, anaulizwa maswali matatu. Unatoka wapi? Wewe ni mtoto wa nani? Unasalia wapi? Hakuna anayemuuliza kama anasali. Anaulizwa wapi tu. Anaweza kujibu Katoliki, CEPAC, Metodisti ama msikitini, na maneno yanaisha. Akijibu kwamba hasali popote, watu wanatazamana.

Siku moja baada ya kipindi, baba mmoja alinifuata nje ya redio. Aliniambia kwamba tangu miaka mingi haamini tena kuwa Mungu yupo, lakini kila Jumapili anavaa shati safi na kwenda kukaa kanisani. Hofu yake si moto wa jehanamu. Anajiuliza, siku akifiwa, nani ataimba usiku wa kilio, nani atachanga pesa ya jeneza, nani atabeba maiti hadi makaburini. Aliniomba nisitaje jina lake wala avenyu yake. Nimeandika haya kwa ajili yake, maana aibu anayoibeba haikuanza naye. Ina historia ndefu katika Fizi.

Mshenzi, kafiri, mpagani

Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walivuka ziwa kutoka Ujiji wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Walikuja na dini ya Kiislamu na lugha hii ninayoiandika. Walikuja pia na maneno ya kuwapanga watu: mwungwana ni yule mwenye dini na kanzu, mshenzi ni mtu wa porini, kafiri ni asiyeamini. Kuitwa mshenzi hakukuwa tusi tu. Kulimweka mtu karibu na mnyororo wa utumwa.

Mapadiri Weupe walifika Masanze mwaka 1880, na mwaka 1883 wakafungua misheni ya Kibanga, pande hizi hizi za ziwa. Wao walileta neno lingine: mpagani. Lakini wazee wetu Wabembe hawakuwa watu wasio na imani. Walikuwa na mizimu ya mababu, na walikuwa na bwami, chama cha wazee wenye heshima na mafundisho. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilipiga bwami marufuku. Mzee aliyekuwa na cheo kijijini akaambiwa kwamba cheo chake ni kosa.

Shule nazo zilikuwa mikononi mwa misheni. Aliyetaka mtoto ajue kusoma alimpeleka kwa padiri au kwa mmisionari wa Kiprotestanti, na njia ya ubao ilipita karibu na ubatizo. Ni mwaka 1954 tu ndipo waziri wa makoloni, Auguste Buisseret, alipoanza kufungua shule za serikali zisizo za kanisa kwa watoto Wakongomani. Zilikuwa chache, tena za mijini zaidi. Kijijini, mtu asiyesali alikuwa pia mtu asiyesoma.

1964 na 1965

Kisha ukaja uasi wa Simba. Tarehe 28 Novemba 1964 waliuawa Baraka Bruda Vittorio Faccin na Padiri Luigi Carrara, na siku hiyo hiyo wakauawa Fizi Padiri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Tarehe 18 Agosti 2024 wote wanne walitangazwa wenye heri huko Uvira, na wengi wenu mlikuwepo ama mlifuata misa kwa redio.

Uasi ule ulisaidiwa na nchi za kikomunisti, kwa hiyo si ajabu kwamba katika masikio ya wengi neno «komunisti», neno «asiye na Mungu» na neno «muuaji wa mapadiri» yaligeuka kitu kimoja. Lakini tuseme ukweli: Simba walikuwa waamini, tena sana. Waliamini dawa ya mganga, ile iliyosemekana kugeuza risasi kuwa maji. Ilikuwa na masharti: usiibe, usiguse mwanamke, usiogope.

Aliyekosa imani katika milima yetu alikuwa mgeni. Tarehe 24 Aprili 1965 Che Guevara alifika Kibamba kwa boti kutoka Kigoma, akijiita Tatu. Wakuba zaidi ya 100 wakamfuata. Alikuwa Mmarx, hakuamini Mungu wala dawa. Katika kitabu chake juu ya vita vya Kongo anaeleza kwamba dawa ilimtia wasiwasi: aliogopa kwamba siku watu wengi wakifa vitani, Wakuba watalaumiwa kwa kuwa hawakuiamini. Alijaribu kuzungumza na viongozi waiache, hakufaulu. Baada ya kushindwa huko Force Bendera, tarehe 29 Juni, lawama ilimwangukia mganga, naye akajitetea kwamba wapiganaji waligusa wanawake na waliogopa.

Fikirini jambo hilo. Mtu mwenye bunduki, mwenye jina duniani kote, alipokuwa Fizi aliogopa kitu kile kile anachoogopa baba wa redio: kwamba msiba ukitokea, watu watamtafuta asiyeamini. Tarehe 21 Novemba 1965 Che alivuka ziwa na kuondoka. Baba yule hana pa kuvukia.

Kutoka Mobutu hadi leo

Mobutu naye aligusa dini. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilibana makanisa, mwaka 1972 majina ya Kikristo yakakatazwa, kisha shule za makanisa zikachukuliwa na serikali. Dola ikashindwa kuziendesha, na mwaka 1977 zikarudishwa kwa mapatano. Ndizo tunazoziita hadi leo shule za konvansyo.

Tangu vita vya 1996 kanisa na msikiti vimekuwa nguzo iliyobaki wima. Mkimbizi akifika usiku, mara nyingi analala kanisani. Nyarugusu kwaya zilianza mapema, chini ya turubai. Hilo ni jema, nami nalishukuru. Lakini linamaanisha pia kwamba asiye na kanisa anakosa watu. Hawara, mlevi, hata mwizi, anatembelewa na wazee wa kanisa. Asiyeamini anaogopwa, na mama mzee asiyesali popote anaweza kunong'onezwa kuwa mchawi. Huko ndiko hatari ilipo, maana neno la uchawi huku kwetu linaweza kuua.

Sheria inasemaje? Katiba ya 2006, ibara ya 1, inasema Kongo ni dola isiyo na dini. Ibara ya 22 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Si sisi peke yetu tunaoshindana na jambo hili. Kenya, chama cha wasioamini Mungu kiliandikishwa Februari 2016, na miezi miwili baadaye kikasimamishwa. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 755,750 wasio na dini. Wapo.

Simwombi padiri, pasta wala shehe abadili mahubiri yake. Nawaomba machifu wa avenyu na kamati za wahamishwa jambo moja dogo: kilio kiwe cha mtaa kwanza. Mtu akifiwa, turubai na mchango vitoke kwa majirani wote, na swali la wapi anasalia lije baadaye, ama lisije kabisa. Wazee wetu walizikana hivyo kabla ya Kibanga kuwa na kengele.

Na wewe baba, ikifika siku hiyo, piga simu redio. Mimi nitakuja.