Friti si za Wafaransa peke yao, wala si za Wabelgiji

Goma, Bukavu na Butembo, viazi vilivyokatwa vipande virefu na kukaangwa kwenye mafuta vinaitwa friti. Neno ni la Kifaransa, basi wengi hudhani na chakula ni cha Ufaransa. Waamerika wamekwenda mbali zaidi: kwa lugha yao huviita waziwazi viazi vya Kifaransa. Mwaka 2003, Ufaransa ilipopinga vita vya Irak, wabunge wao waliokasirika walifuta jina hilo kwenye mgahawa wa bunge na kuandika viazi vya uhuru.

Wabelgiji, waliotutawala hadi 1960, wanasema friti ni zao. Wanasimulia kwamba watu wa Namur, kando ya mto Meuse, walizoea kukaanga samaki wadogo. Mwaka 1680 mto ukaganda kwa baridi, nao wakakata viazi kwa umbo la samaki. Ni hadithi tamu, lakini Pierre Leclercq, mwanahistoria wa Ubelgiji kwenyewe, ameikataa. Viazi vilifika sehemu hizo yapata mwaka 1735, tena mafuta yalikuwa ghali mno kwa maskini kuyamwaga kwenye chungu. Kwa maoni yake, friti zilianzia kwa wachuuzi wa barabarani Paris.

Je, Wafaransa wameshinda? Kwa kukaanga, labda. Kiazi chenyewe si chao. Kililimwa maelfu ya miaka na wenyeji wa milima ya Andes, karibu na ziwa Titicaca, kati ya Peru na Bolivia za leo. Wahispania ndio waliokivusha bahari katika karne ya 16, baada ya kuwateka wenyeji hao.

Na kilipofika, Wafaransa walikikataa. Walikiona chakula cha nguruwe, wengine wakasema kinaleta ukoma. Mwaka 1748 bunge la Paris lilipiga marufuku kukilima. Aliyekitetea ni Antoine Parmentier, mfamasia wa jeshi. Katika vita vya 1756 hadi 1763 alitekwa na Waprusia, na gerezani akalishwa viazi. Hakuugua. Aliporudi kwao alianza kuwaambia watu kwamba walichokidharau kinaweza kuwaokoa na njaa, na mwaka 1772 matabibu wa Paris wakatangaza kwamba kiazi hakina madhara. Inasimuliwa pia kwamba aliweka askari kulinda shamba lake mchana na kuwaondoa usiku, ili majirani waibe mbegu. Waliiba.

Kruasa nayo, ule mkate wa siagi wenye umbo la mwezi mwandamo, ilitoka Vienna, Austria, ambako wanao mkate wa zamani unaoitwa kipferl. August Zang, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la Austria, alifungua duka la mikate Paris mwishoni mwa miaka ya 1830, na waokaji wa huko wakamwiga. Haki isemwe: unga wa kukunjwa na siagi, tabaka juu ya tabaka, ni kazi ya Wafaransa wenyewe, baadaye. Zang alirudi Vienna mwaka 1848 akaanzisha gazeti.

Hata sisi tuna ya kwetu. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno kwenye mwambao wa Kongo. Leo hakuna mama atakayekubali kuambiwa sombe ni chakula cha kigeni, wala hana sababu ya kukubali.

Viazi navyo vimepata makao mapya kwenye milima ya Masisi, Rutshuru na Lubero, ambako udongo na baridi vinavifaa. Vita vikifunga barabara, bei ya friti hupanda Goma. Na wapo wakulima waliokimbia mashamba hayo ambao leo hununua viazi kwa kisahani, wao waliozoea kuviuza kwa magunia.