Kabla ya Kiu

Mwaka 1016 mtu mwenye nguvu kuliko wote nchini Japani alishikwa na kiu isiyokatika. Aliitwa Fujiwara no Michinaga. Mfalme alikuwepo Kyoto, lakini neno la mwisho lilikuwa la Michinaga: binti zake waliolewa na wafalme, na wajukuu zake wakakalia kiti cha enzi. Alikuwa na umri wa miaka 50.

Habari za kiu hiyo tunazo kwa sababu ya ndugu yake wa ukoo, Fujiwara no Sanesuke, aliyeandika shajara kwa miongo kadhaa. Sanesuke hakuwa mpambe wa Michinaga, na jicho la asiyekusifu huona mengi. Aliandika kwamba mkubwa yule anakunywa maji mchana na usiku, kinywa kinamkauka, nguvu zimemwishia, ingawa chakula bado anakila vizuri. Miaka michache baadaye macho yalififia hata akashindwa kutambua sura ya mtu aliyesimama karibu naye. Mwishoni likamtoka jipu kubwa mgongoni. Alifariki Januari 1028.

Waganga wa enzi hiyo waliuita ugonjwa huo kwa kile walichokiona: ugonjwa wa kunywa maji. Baadhi ya ndugu za Michinaga walikwisha kuupata kabla yake. Tiba ya Ulaya ilipoenea Japani katika karne ya 19, jina likabadilika, ukaitwa *tōnyōbyō*, yaani ugonjwa wa mkojo wenye sukari. Sisi nasi tunasema kisukari. Majina yote hayo yana kasoro moja: yametokana na dalili zinazochelewa. Kiu inapofika, na sukari inapomwagikia kwenye mkojo, mwili umekwisha kuhangaika kimyakimya kwa miaka mingi. Historia ya kisukari nchini Japani, hasa katika miaka 50 iliyopita, ni historia ya watu waliotaka kuiona miaka hiyo ya ukimya.

Hatua ya kwanza ilipigwa mbali na Japani. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na madaktari wengi wakaamini kwamba kila mgonjwa wa kisukari amepungukiwa nayo tu. Daktari Harold Himsworth wa London aliwapa wagonjwa wake sukari na insulini kwa wakati mmoja, kisha akafuatilia damu yao. Kwa baadhi yao sukari ilidhibitiwa upesi. Kwa wengine, insulini ileile haikufua dafu. Mwaka 1936 alitangaza kwamba kuna kisukari cha namna mbili, na katika namna ya pili mwili hauitikii insulini ipasavyo.

Hali hiyo ndiyo inayoitwa ukinzani wa insulini. Insulini hutoka kwenye kongosho na kubisha hodi kwenye misuli, ini na mafuta ili sukari ya damu ipokewe. Mwili wenye ukinzani husikia hodi ukachelewa kufungua. Kongosho basi hulazimika kubisha tena na tena, kwa nguvu zaidi. Likiweza kuendelea hivyo, kipimo cha sukari kitabaki kizuri na mwenye mwili hatajua lolote. Siku litakapochoka, sukari itaanza kupanda.

Jambo hili lilihusu nini Japani, nchi ya watu wembamba waliokula wali, samaki na mboga? Jibu lilianza kuonekana ng'ambo ya bahari, katika mashamba ya miwa.

Februari 1885 meli iitwayo City of Tokio iliwashusha Honolulu Wajapani zaidi ya 900 waliokwenda kufanya kazi kwa mkataba. Katika miaka kumi iliyofuata walifika Hawaii wapatao 29,000, wengi wakitokea Hiroshima na Yamaguchi. Walikata miwa, mikataba ikaisha, wengi wakabaki. Watoto wao walikulia kwenye nyama, mkate na sukari, na wajukuu wakaendesha magari. Damu ilikuwa ileile ya Hiroshima, maisha yakawa mengine.

Hapo watafiti wakapata nafasi adimu. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Hiroshima, wakishirikiana na Wamarekani, waliwapima Wajapani wa kisiwa cha Hawaii kwa kipimo kilekile walichotumia nyumbani. Kisukari kilikuwa karibu mara mbili kwa wale wa Hawaii. Tofauti hiyo haikuweza kuelezwa kwa nasaba, kwa kuwa nasaba ilikuwa moja.

Mwaka 1983 Wilfred Fujimoto wa Chuo Kikuu cha Washington alianza kazi kama hiyo mjini Seattle. Miongoni mwa wanaume wa kizazi cha pili, takriban mmoja kati ya watano alikuwa na kisukari. Kilichomshangaza zaidi ni miili yao. Wengi hawakuwa wanene kwa kipimo cha Marekani. Ungepishana nao barabarani usigeuke kuwatazama. Alipowapitisha kwenye mashine ya CT, inayopiga picha ya mwili kama mkate uliokatwa vipande, aliona mafuta yaliyojificha ndani ya tumbo, yakizunguka utumbo na viungo vingine. Watu hao walifuatiliwa kwa miaka, na ikathibitika kwamba wenye mafuta mengi ya ndani ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari.

Wakati huohuo, mjini Osaka, Yuji Matsuzawa na wenzake walikuwa wakitumia mashine ya aina hiyo kwa swali hilohilo. Walitenganisha mafuta ya chini ya ngozi, yale unayoweza kuyafinya kwa vidole, na mafuta ya ndani ya tumbo. Wawili wenye uzito sawa wangeweza kuwa na hatima tofauti kabisa, kutegemea mafuta yamekaa wapi.

Ushahidi uliowashangaza wengi ulitoka kwa wanamieleka wa sumo. Hao ni watu wanaoweza kufika kilo 150 na zaidi, wanaokula mlo wa siku kwa wingi wa kutisha. Ungetarajia damu yao iwe imejaa sukari. Lakini wale waliokuwa bado ulingoni, wakifanya mazoezi makali tangu alfajiri, walikutwa na mafuta mengi chini ya ngozi na machache ndani ya tumbo, na sukari yao kwa kawaida ilikuwa sawa. Hatari huwajia wanapostaafu, mazoezi yakikoma na ulaji ukibaki palepale.

Mwaka 1996 maabara za Osaka ziliongeza kipande kingine. Watafiti waligundua kwamba mafuta ya mwili hutengeneza protini iliyokuja kuitwa adiponektini, ambayo husaidia insulini kufanya kazi. Ajabu yake ni kwamba mafuta ya tumbo yakizidi, protini hiyo hupungua. Mafuta hayakuwa tena ghala tu la akiba. Yalikuwa yakizungumza na ini na misuli, na kadiri yalivyojaa ndani ndivyo mazungumzo yalivyoharibika.

Hata hivyo, ukinzani peke yake haukutosha kulieleza fumbo la Wajapani. Mzungu mnene sana anaweza kuwa na ukinzani mkubwa kwa miaka mingi bila kuugua. Kwa nini Mjapani augue akiwa ameongeza kilo chache tu?

Jibu lilitafutwa kwenye kongosho. Tangu mwaka 1960, kwa ufundi wa Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York, iliwezekana kupima kiasi kidogo sana cha insulini katika damu. Jijini Tokyo, Kinori Kosaka na wenzake waliwanywesha watu maji ya sukari na kupima insulini yao kila baada ya muda mfupi. Waliona kwamba watu ambao insulini yao ilipanda kidogo tu katika nusu saa ya kwanza ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kuugua kisukari miaka iliyofuata. Tafiti nyingi zimekuja kuonyesha kwamba Wajapani, kwa wastani, hutoa insulini pungufu kuliko watu wenye asili ya Ulaya. Kongosho lao hutosha kwa mzigo mwepesi. Mzigo ukiongezeka hata kidogo, hulemewa mapema.

Utafiti uliofanywa Saku, mkoani Nagano, na kuchapishwa mwaka 2013, uliziweka pande hizo mbili kwenye mizani moja. Watu wapatao 3,000 wasio na kisukari walifuatiliwa kwa miaka minne. Wenye ukinzani wa insulini waliugua zaidi ya wasio nao. Wenye kongosho dhaifu waliugua zaidi yao. Waliokuwa na yote mawili ndio waliokuwa hatarini kuliko wote.

Basi vipimo vikabadilika. Madaktari wa Japani hawakungoja unene ufike kwenye mpaka wa BMI 30 (uzito ukilinganishwa na urefu) unaotumika kimataifa; wao waliuweka kwenye 25. Walitumia pia hesabu iliyotolewa Oxford mwaka 1985, inayounganisha sukari na insulini ya mtu aliyeamka bila kula. Japani jibu la 1.6 au chini huhesabiwa kuwa la kawaida, na 2.5 au zaidi huwa ishara ya ukinzani. Mtu anaweza kupata 2.5 huku sukari yake haijavuka mpaka wowote.

Nchi yenyewe nayo ilikuwa imebadilika kama zilivyobadilika familia za Hawaii, bila kupanda meli. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mafuta yalichangia chini ya asilimia 10 ya nishati ya chakula cha Mjapani. Mwishoni mwa karne yalikuwa yamevuka asilimia 25, na miguu ilikuwa imeyaachia magari kazi. Mwaka 1997 serikali ilikadiria kwamba watu milioni 6.9 wanashukiwa sana kuwa na kisukari. Mwaka 2016 makadirio yalifika milioni 10.

Aprili 2008 serikali ilianzisha ukaguzi wa afya wa kila mwaka kwa watu wa miaka 40 hadi 74, na kifaa chake cha kwanza ni futi kama ya fundi cherehani. Mwanaume mwenye kiuno cha sentimita 85 au mwanamke mwenye 90, akiwa na dosari nyingine katika damu au presha, huitwa kupewa ushauri. Neno *metabo*, jina la mkato la hali hiyo, likaingia vinywani, hata mzee mwenye kitambi akataniwa nalo. Lakini futi ina upofu wake: mwembamba mwenye kongosho dhaifu hupita bila kuguswa.

Kosaka alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba hatari ya kuugua inaweza kupunguzwa. Katika Hospitali ya Toranomon, Tokyo, wanaume 458 ambao sukari yao ilianza kuyumba waligawanywa katika makundi mawili. Wote walipewa ushauri. Kundi moja lilipewa kwa kina na kukumbushwa kila baada ya miezi michache: punguza chakula, tumia bakuli dogo zaidi la wali, tembea kila siku. Baada ya miaka minne, asilimia 9.3 ya kundi la kawaida walikuwa na kisukari, na asilimia 3 tu ya kundi lililofuatwa. Uzito uliopungua kwa hao wa pili ulikuwa kilo mbili na ushei. Kwa mwili unaolemewa na mzigo mdogo, kupunguza kidogo nako ni kupunguza kwingi.

Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa kisukari nchini Japani, pamoja na chama kinachowatetea wagonjwa, vilipendekeza jina la mkojo liachwe kwa kuwa huwaaibisha wagonjwa, na badala yake ugonjwa uitwe *daiabetisu*. Asili ya neno hilo ni Kigiriki, na maana yake ni kupitisha, kama maji yanayopita ndani ya bomba bila kukaa. Jina limezunguka miaka elfu moja na kurudi kwenye kiu ya Michinaga. Aliyebadilika ni mwandishi wa habari zake: Sanesuke alishika kalamu mgonjwa alipokwisha kuomba maji, ilhali muuguzi wa leo hujaza fomu ya mtu wa miaka 40 ambaye hana kiu hata kidogo.