Uuguzi wa Wazee katika Handeni na Korogwe

Neno muuguzi ni la kale kuliko hospitali. Asili yake ni kuuguza, na kabla ya nesi wa kwanza kufika bara ya Tanga, muuguzi alikuwa ndugu aliyekesha kando ya kitanda cha mgonjwa. Katika nyumba za Wazigua wa Handeni, na za Wasambaa na Wabondei wa Korogwe, kazi hiyo ilikuwa ya mabinti, wakaza wana na wajukuu. Haikuwa na chuo, kwa kuwa ilirithiwa nyumbani.

Urithi huo ulijaribiwa na mkonge. Zao hilo liliingia nchini mwaka 1893; mwaka 1902 reli kutoka Tanga ilifika Korogwe, na mashamba yakaenea kandokando yake. Yalitaka mikono mingi kuliko iliyopatikana karibu. Wakaja Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde na Warundi, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi maalumu ya kuwatafuta watu hao. Mkataba ulihesabu siku za kazi. Miaka ya uzee haukuihesabu. Wengi walirejea kwao, lakini wengine walibaki, na bei ya mkonge ilipoanguka katika miaka ya 1960, uzee uliwakuta makambini, mbali na koo zao. Aliyekata mkonge ujanani alikosa wa kumtekea maji. Hapo ilidhihirika kwamba mila, ingawa ni njema, humfaa mwenye jamaa.

Hospitali nazo zilileta elimu ya namna nyingine. Masista wa Kianglikana wa Shirika la Mateso Matakatifu, lililoanzishwa mwaka 1911, walipeleka huduma yao hata Kwa Mkono, wilayani Handeni, ambako hospitali ya Mtakatifu Fransisko ina chuo cha uuguzi. Korogwe nayo ikapata chuo chake. Walakini mafunzo ya uuguzi aghalabu yalijengwa juu ya maradhi yenye mwisho: homa hushuka, jeraha hufunga, mzazi hurudi nyumbani na mtoto. Uzee hauna ruhusa ya kutoka wodini.

Hata hivyo Kwa Mkono palikuwa na somo jingine. Watoto waliolemazwa na polio walipata hosteli pale, na anayemtunza mtoto wa namna hiyo hangoji apone. Hupima kazi yake kwa kipimo kingine: mguu ulioshindwa jana, leo umevuka kizingiti. Kipimo hicho ndicho kimfaacho mzee. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili mgongo usifanye vidonda. Mwenye taabu ya kumeza hulishwa ameketi, kidogo kidogo, asije akapaliwa. Asiyesikia kiu hukumbushwa maji. Aliyepotewa na kumbukumbu habishiwi wala hachekwi. Huitwa kwa jina lake. Mambo haya hayahitaji mashine, ila yanahitaji ujuzi, na huruma peke yake haitoshi: binti mwenye mapenzi makubwa aweza kumlaza baba yake chali kutwa nzima kwa kutojua.

Mwaka 2012 Tanzania ilihesabu wazee wa miaka 60 na zaidi wapatao 2,500,000. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiachia familia jukumu la kwanza la kuwatunza, na kuyafanya makao ya wazee kuwa kimbilio la mwisho. Ikiwa ndivyo, kazi ya muuguzi haikomi mlangoni mwa wodi. Penye jamaa, na awe mwalimu wao. Pasipo na jamaa, na awe jamaa mwenyewe. Muuguzi wa kale alikuwa na mapenzi bila chuo. Wa leo asipewe chuo kisichomfundisha kukesha. Mkono uliotia nchi utajiri wa mkonge wastahili kushikwa unapotetemeka.