Akaunti za WordPress: Nani aruhusiwe kufanya nini

WordPress, iliyotolewa Mei 27, 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza, ni miongoni mwa programu zinazotumika zaidi duniani kuendesha tovuti. Wepesi wake umewavutia wengi, na wepesi huo huo huwaponza wengine. Ili kazi isikwame, mwenye tovuti humpa kila anayeomba kuingia akaunti yenye mamlaka yote.

Hali hiyo si ya lazima. Tangu toleo la 2.0 la Desemba 2005, programu hiyo huwagawa watumiaji katika ngazi tano: msimamizi mkuu, mhariri, mwandishi, mchangiaji na msomaji aliyejiandikisha. Kabla ya hapo zilitumika namba, kuanzia 0 hadi 10.

Ngazi ambayo husahaulika ni ya mchangiaji. Huyu huandika rasimu na kuzikabidhi, lakini hawezi kuzichapisha, wala hawezi kuigusa habari yake ikishachapishwa. Kwa mwandishi wa kujitegemea au mwanafunzi aliye katika mafunzo kazini, ngazi hiyo inatosha. Atalalamika kuwa hawezi kupakia picha, na ni kweli hawezi. Lakini kazi hiyo inaweza kufanywa na mhariri kwa dakika moja. Mwandishi, kwa upande wake, huchapisha bila kupitiwa na mtu, na aweza kuzifuta habari zake hata baada ya kuchapishwa. Mhariri hushika habari za wote.

Msimamizi mkuu huongeza programu-jalizi, hubadili sura ya tovuti na kufungua akaunti mpya. Aliyeiba nywila yake ameiba tovuti nzima. Aprili 2013, tovuti nyingi za WordPress zilishambuliwa kwa kubahatisha nywila za akaunti iliyoitwa "admin", jina ambalo programu ilikuwa ikilitoa yenyewe hadi toleo la 3.0 la mwaka 2010 lilipomruhusu mwenye tovuti kuchagua jingine.

Hata hivyo, hatari iliyo karibu zaidi ni mfanyakazi aliyeondoka ilhali akaunti yake imebaki. Kuifuta kwa haraka si dawa. Programu huuliza kwanza iwapo kazi zake zifutwe au zikabidhiwe mtumiaji mwingine, na anayechagua kufuta huziondoa habari zote za mtu huyo mbele ya wasomaji, hata ziwe za miaka kumi.

Lililo salama ni kumwondolea ngazi yake siku hiyo hiyo, kubadili nywila, kisha kubadili anwani ya baruapepe iliyomo katika akaunti. Anwani ikibaki yake binafsi, aweza kuomba nywila mpya na kutumiwa huko huko. Aidha, tangu toleo la 5.6 la Desemba 2020 zipo nywila za pekee zinazotumiwa na programu za nje, kama zile za simu. Kubadili nywila kuu hakuzifuti. Hufutwa katika ukurasa wa wasifu wa mtumiaji.

Juu ya orodha ya watumiaji huonyeshwa idadi ya watu katika kila ngazi. Kwa tovuti ya chumba kidogo cha habari, wasimamizi wakuu wawili wanatosha: mmoja wa kazi, mwingine wa akiba asipopatikana.