Watoro wa Rabai na Kondoo Aliyepotea

Katika Injili ya Luka, mlango wa 15, twasoma mifano mitatu juu ya kupotea: kondoo mmoja katika mia, sarafu moja katika kumi, na mwana aliyetapanya urithi wake katika nchi ya mbali. Wakristo wa kila zama wamefundishwa kwamba Mungu ndiye yule mchungaji asiyetulia mpaka ampate kondoo wake. Fundisho hilo ni jepesi kulikariri darasani. Lakini huko Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, liligeuka kuwa jambo la hatari katika karne ya 19, kwa maana waliopotea walifika mlangoni kwa miguu yao wenyewe, na kila mmoja wao alikuwa na bwana aliyekuwa akimtafuta.

Rabai ilikuwa kituo cha wamisionari tangu mwaka 1846, siku za Krapf na Rebmann. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alifanya mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Unguja likafungwa, na biashara ya kuwasafirisha watumwa baharini ikapigwa marufuku. Miaka miwili baadaye mji wa Freretown ulianzishwa Kisauni, ili wakae humo watu waliookolewa na manowari za Kiingereza. Hao hawakuleta ugomvi mkubwa, kwa kuwa mkataba ulikuwa upande wao. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa! Aliyelima shamba la bwana wake huko Malindi au Takaungu alibaki kuwa mali halali, na akikimbia aliitwa mtoro.

Basi watoro wakaja. Wakubwa wa misheni walikuwa wamekataza wasipokewe, nasi tusiwahukumu upesi mno, kwani mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walikuwa karibu kuishambulia Freretown kwa sababu hiyo hiyo. Huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, Mkristo mmoja aliyeitwa David Koi aliongoza kijiji cha watoro. Aliuawa mwaka 1883.

Mtu ninayependa wanafunzi wangu wamjue zaidi ni William Jones. Alikuwa Myao, akachukuliwa utumwani angali mtoto, akaokolewa, akalelewa na kusomeshwa na wamisionari huko Nasik, Bara Hindi. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimweka kuwa shemasi, na mwaka huo huo wakasafiri pamoja kuelekea Uganda. Askofu alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi waliosalia. Katika siku za uongozi wake Rabai, idadi ya watoro ilizidi kuongezeka. Walijenga vibanda, wakalima mihogo na mahindi, wakahudhuria ibada.

Hapa ndipo mfano wa kondoo unapokuwa mgumu. Katika mfano, anayetafuta ndiye mwenye mali. Huku pwani pia mwenye shamba aliweza kusema, "Natafuta changu kilichopotea," na sheria ikamwitikia. Kwa hiyo swali lililokuwa mbele ya Wakristo wa Rabai halikuwa kama Mungu awapenda waliopotea, maana hilo walikubaliana wote. Swali lilikuwa: mtu huyu ni wa nani? Ukisema ni wa Mungu kwanza, huwezi kumfunga kamba jioni na kumrudisha. Nadhani Jones, aliyewahi kuwa mali ya mtu, hakuhitaji kufundishwa jibu lake. Wazungu waliosoma Injili ile ile walichelewa kulifikia.

Mwaka 1888 George Mackenzie, mjumbe wa kampuni ya Kiingereza iliyokuja kuitawala pwani, alikuta watoro karibu 1,400 katika vituo vya misheni, walio wengi Rabai. Mabwana walikuwa wamekasirika, na vita vilikaribia. Mackenzie alishauriana nao, wakakubali kupokea fidia kwa kila mtoro. Tarehe 1 Januari 1889, watoro walikusanyika Rabai wakapewa hati za uhuru.

Mabwana walilipwa, watoro hawakulipwa chochote kwa miaka waliyotumikishwa. Wale waliobaki mashambani waliendelea kuwa watumwa, na sheria haikuufuta utumwa wa pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907.