Sakina: jina la mtoto wa kambini, linatoka wapi na lina maana gani?

Mwishoni mwa 2024 nilikuwa Bulengo, magharibi ya mji wa Goma, nikitafuta habari za maji. Mama mmoja aliyekimbia kutoka Masisi alinisimamisha kwenye foleni ya madumu. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni.

"Papa, wewe ni mtu wa redio," aliniambia. "Huyu nimemuita Sakina. Ni jina la mama mmoja wa Kasongo, Muislamu, ndiye aliyenizalisha tulipokuwa njiani. Sasa watu wa kanisa wanasema ni jina la Waarabu, nilitoe. Shemeji yangu naye anasema halina hata maana. Wewe unasema nini?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nilimuahidi kwamba nitauliza, nitasoma, kisha nitarudi. Jibu lenyewe ni hili hapa, kwake na kwa wote wanaotusikiliza.

Maana ya neno

Sakina ni neno la Kiarabu. Mzizi wake ni herufi tatu: sini, kafu na nuni. Mzizi huo una maana mbili zinazotembea pamoja, kutulia na kukaa. Kitenzi chake, sakana, kinasemwa juu ya upepo ulioacha kuvuma. Kinasemwa pia juu ya mtu aliyeingia nyumba na kuishi humo. Kwa hiyo sakina ni utulivu, lakini si wa mtu aliyelala tu. Ni ule wa moyo uliokuwa unapiga kwa hofu, kisha ukapata mahali pa kukaa.

Pengine unajiambia kwamba Kiarabu hukijui. Sehemu ya mzizi huu unaijua tangu utoto. Tunaposema maskani, yaani mahali mtu anapoishi, tumetoka katika herufi hizo hizo. Watoto wanaosoma Kurani wanafundishwa alama ndogo ya duara inayowekwa juu ya herufi isiyo na irabu. Inaitwa sukuni, kwa sababu sauti inatulia pale.

Liko na neno maskini. Wanazuoni wa zamani wa Kiarabu walilitia katika mzizi huu: maskini ni mtu ambaye umaskini umemnyamazisha, amekaa hana pa kwenda. Wachunguzi wa lugha wa siku hizi wanaonyesha kwamba neno hilo lilitoka mbali zaidi, katika Kiakadi cha Babeli ya kale, likaingia Kiarabu kupitia Kiaramu. Hata hivyo, kwa masikio ya Mwarabu na ya Mswahili, maskini, maskani na Sakina yanalia kama ndugu. Aliyepoteza maskani anajua jinsi mtu anavyofanywa maskini kwa usiku mmoja.

Katika Kurani na katika Biblia

Neno sakina linapatikana mara 6 katika Kurani, katika sura tatu: Al-Baqara, At-Tawba na Al-Fath. Ukiangalia ni wakati gani linatajwa, utaona kwamba karibu kila mara watu wako katika hatari. Katika At-Tawba linatajwa kuhusu pango. Ilikuwa mwaka 622, Mtume Muhammad alikuwa anatoroka Makka pamoja na rafiki yake Abu Bakr, wanaowatafuta wako karibu, na wao wamejificha katika mlima wa Thawr. Hapo ndipo Mungu aliteremsha sakina. Katika sura hiyo hiyo inatajwa tena kuhusu vita vya Hunayn mwaka 630, baada ya Waislamu kushtuliwa na kugeuka kukimbia.

Kwa hiyo sakina ilishuka kwa watu waliokuwa wanakimbia, hatari ikiwa bado iko karibu.

Ndugu Wakristo nao wanalo neno la ukoo huu. Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja. Kiebrania kina kitenzi shakan, kukaa, na humo kunatoka mishkan, ambayo Biblia ya Kiswahili inaita maskani. Fungua kitabu cha Kutoka, kuanzia sura ya 25. Maskani ile ilikuwa hema. Waisraeli hawakuwa na nchi bado. Walipohama waliikunja na kuibeba, walipofika waliisimamisha tena. Baadaye walimu wa Kiyahudi walifanya kutoka mzizi huo neno Shekina, yaani kuwapo kwa Mungu katikati ya watu wake. Walifundisha kwamba watu walipopelekwa uhamishoni, Shekina ilikwenda pamoja nao.

Basi mtu wa kanisa asiogope jina hili. Na tuseme ukweli mwingine: Neema, Furaha, Faida, Riziki, Rehema, Baraka, Salama, yote hayo yaliingia Kiswahili kutoka Kiarabu. Ni majina yanayobatizwa kila Jumapili katika Kivu yote.

Binti aliyetembea na mateka

Mwanamke anayekumbukwa zaidi kwa jina la ukoo huu ni Sukayna, binti wa Huseni na kitukuu wa Mtume. Sukayna ni umbo la kudogosha, kama mtu anayesema "katulivu kangu". Waandishi wa kale wanaeleza kwamba alipozaliwa alipewa jina lingine, na kwamba mama yake, Rabab, ndiye aliyempa hili kwa mapenzi. Jina la mapenzi likashinda la kwanza.

Tarehe 10 Muharram mwaka 61 wa Hijra, yaani Oktoba 680, baba yake aliuawa Karbala, katika nchi ya Iraki ya leo. Wanawake na watoto wa nyumba hiyo walichukuliwa mateka, wakapelekwa Kufa, kisha Damascus, na mwishowe wakaachiwa kurudi Madina. Sukayna alikuwa kati yao.

Baadaye maisha yake hayakuwa ya kilio tu. Huko Madina alijulikana kwa ulimi mwepesi na kwa kupenda mashairi. Washairi walikuja kwake awapime nani amesema vizuri zaidi. Hata mtindo wa kusuka nywele uliitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 117 wa Hijra, yaani 735 au 736. Mashia wengi wa India na Pakistani wana masimulizi tofauti: Sakina wao ni mtoto mdogo aliyefia kifungoni Damascus, na kila mwezi wa Muharram wanamlilia.

Kwa njia hizo jina lilisambaa. Waturuki wanasema Sakine, Wairani Sakineh. Ufaransa wanamjua Sakina Karchaoui, mchezaji wa timu ya taifa ya wanawake.

Namna lilivyofika kwetu

Hapa hatupaswi kupamba historia. Majina ya Kiislamu yalifika Congo kwa njia ya misafara. Kuanzia katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Zanzibar na wa pwani walipita Tabora na Ujiji, wakavuka Ziwa Tanganyika, wakaingia Maniema kutafuta pembe za tembo na watumwa. Nyangwe na Kasongo, upande wa mto Lualaba, zikawa miji yao. Hamed bin Muhammad, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, alikuwa na makao Kasongo. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone alikuwa Nyangwe watu wa wafanyabiashara hao walipofyatua bunduki sokoni. Mamia walikufa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vitu vyao.

Kwa hiyo jina lenye maana ya utulivu lilipita katika njia iliyoondoa watu wengi katika maskani yao.

Kati ya 1892 na 1894 majeshi ya Leopold yaliwashinda wafanyabiashara hao. Nyangwe na Kasongo zilichukuliwa mwaka 1893. Lakini dini ilibaki, na lugha ilibaki. Watu wa huku, waliojiita waungwana, ndio walioiendeleza, hata Kiswahili chetu kikaitwa Kingwana. Misheni na serikali ya wakoloni nao walikitumia. Wenye Kiswahili hiki leo ni wajukuu wa watu wa hapa, wengine wakiwa wajukuu wa waliofungwa minyororo.

Kwa nini ni adimu

Katika kazi yangu naandika majina ya watu kila siku. Furaha, Neema, Zawadi na Sifa siwezi kuwahesabu. Sakina nakutana naye kwa nadra, na mara nyingi familia yake ni ya Kiislamu, ya Maniema au iliyotoka huko.

Sababu naiona katika lugha. Wazazi wa huku wanapenda jina ambalo kila mtu analisikia maana yake. Ukiita mtoto Furaha, jirani haulizi. Lakini sakina si neno la sokoni. Kwa maana hiyo tunasema utulivu, au amani. Jina likabaki kwa waliolipata katika chuo cha Kurani au kwa koko yao. Mama wa Bulengo alilipata kwa njia nyingine, katika mikono ya mwanamke aliyemsaidia kando ya barabara.

Andikisha, na uandike sawasawa

Kuna jambo la sheria. Kanuni ya Familia ya 1987, katika kifungu cha 58, inataka majina yatoke katika urithi wa utamaduni wa Congo. Je, Sakina ni la Congo? Mimi naona ndiyo. Jina lililobebwa Maniema na mama zetu na koko zetu limekwisha kuwa la hapa, sawa na Kiswahili chenyewe, ambacho ni moja ya lugha nne za taifa.

Wazazi, mtoto anaandikishwa bila malipo ndani ya siku 90 za kwanza. Na angalieni herufi. Nimeona familia moja ambayo karani aliandika Sakina kwenye karatasi moja, na kwenye nyingine Zakina. Siku ya ugawaji mtoto alihesabiwa kuwa si wa nyumba ile, na mama alirudi na chakula pungufu. Kabla ya kuondoka mbele ya karani, omba akusomee alichoandika, herufi kwa herufi. Kama hujui kusoma, nenda na mtu anayejua. Hakikisha jina linafanana kwenye cheti cha kuzaliwa, kwenye kadi ya zahanati na kwenye orodha ya wahamaji. Ni kazi ya dakika tano, na kosa lake linaweza kumfuata mtoto mpaka masomoni.

Kwa mama Sakina

Nilirudi Bulengo na jibu langu, nikachelewa. Februari 2025 kambi ilikuwa imevunjwa. Mahali palipokuwa na mahema nilikuta mawe ya volkano na vipande vya turubai. Wengine walisema umerudi upande wa Masisi, wengine kwamba umevuka mpaka. Sijui uko wapi.

Lakini redio inafika, na habari hizi watu wanazitumiana kwenye simu, kuanzia Minova mpaka Nyarugusu na Nakivale. Kama unasikia, mama, jibu ni hili: jina lina maana, na ni nzuri. Usilitoe. Na kama yupo anayemjua mama wa Kasongo aliyezalisha mwanamke wa Masisi kando ya barabara mwaka ule, amwambie kwamba kuna mtoto anayeitwa kwa jina lake. Leo atakuwa ameanza kutembea.