Hewa, Nyota na Vioo Vinavyojikunja: Tarehe Itazamwapo Kutoka Pwani ya Kusini

Marubani wa Bahari ya Hindi waliopitisha vyombo mbele ya Vanga, Wasini na Gazi, wakipanda kuelekea Maskati au wakishuka kuelekea Sofala, hawakuwa na darubini wala hawakuihitaji. Ala yao ilikuwa ubao mdogo wa pembe nne, uliotobolewa katikati na kupitishwa uzi wenye mafundo. Rubani akauma fundo moja kwa meno, akaunyoosha ubao mbele ya jicho hata ukingo wake wa chini ukagusa upeo wa bahari na wa juu ukagusa nyota, na kwa hesabu ya mafundo akajua chombo kimepanda au kimeshuka kiasi gani tangu usiku wa jana. Kipimo chao kiliitwa isba, yaani upana wa kidole. Ahmad ibn Majid wa Julfar, mwalimu mkubwa wa bahari wa karne ya 15, alitunga urjuza mrefu juu ya njia ya Sofala, na ndani yake pwani yetu hii inapimwa kwa vidole vya nyota, bandari baada ya bandari. (Yasemwayo kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 hayana ushahidi wa kutosha, na wanahistoria wengi wa leo wameyakataa, lakini hadithi ni tamu, nayo yaendelea kusimuliwa.)

Jaa, ile nyota ya kaskazini ambayo mabaharia wa Ghuba waliitegemea, kwetu imezama chini ya upeo, maadamu Msambweni iko zaidi ya nyuzi 4 kusini mwa mstari wa ikweta. Kwa hiyo aliyesafiri pande hizi alilazimika kuzipima Farkadani na nyota za Naashi badala yake. Na juu ya elimu hiyo ya usiku palikuwa na elimu ya siku: hesabu ya nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, uliogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi pamoja na siku tano za ziada, ambayo kwayo nahodha alijua kaskazi itakoma lini, kusi itaanza lini, na ni wakati gani haifai kung'oa nanga. Fauka ya hayo palikuwa na buruji kumi na mbili, tangu Hamali hadi Hutu, walizozijua wenye ilmu ya falaki katika kila mji wa Waswahili. Tuishike moja katika hizo, nayo ni Kausi, kwa kuwa tutairudia.

Ama jambo ninalotaka msomaji alizingatie ni hili: katika elimu yote hiyo, kumetameta kwa nyota hakukuwa na madhara yoyote. Isba moja ni kama digrii moja na dakika 36, na digrii moja ina sekunde 3,600 za pembe, ilhali hewa huiyumbisha nyota kwa kadiri ya sekunde moja au mbili tu. Yaani kosa la hewa lilikuwa dogo kuliko kipimo cha rubani kwa zaidi ya mara elfu mbili, naye angeweza kuvuka bahari maisha yake yote asihisi kwamba lipo. Ilivyo, kasoro hii ilizaliwa pamoja na lenzi. Galileo alipoelekeza darubini yake mbinguni mwaka 1609, alizikuza nyota, na bila ya kukusudia akaikuza na hewa iliyoko kati yake na nyota hizo.

Mwenye kutaka kuyafahamu haya asiende mbali. Na asimame juu ya mwamba wa Diani wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka, pamoja na wale wanaotafuta pweza kwa kijiti, naye atazame tundu lililoko chini ya maji ya kimo cha goti: upepo ukitulia tundu huonekana wazi na kingo zake, na upepo ukipiga juu ya maji, tundu lile lile, ambalo halikuondoka mahali pake, huanza kucheza, kunyumbuka na kukatika vipande. Hivyo ndivyo hewa ifanyavyo. Ndani yake mna mafungu ya joto na ya baridi yasiyokwisha kuchanganyika, na kila fungu hupinda nuru kwa kiasi chake, kwa hiyo mawimbi ya nuru yaliyosafiri kutoka kwenye nyota miaka mingi yakiwa yamenyooka kabisa, huvurugika katika sehemu ndogo ya mwisho ya sekunde kabla ya kufika kwenye kioo. Matokeo yake ni ya kushangaza, na hata ya kukatisha tamaa: mahali pazuri sana pa kutazamia nyota, hewa hubaki moja kwa upana wa shibiri moja hivi tu, na kwa sababu hiyo darubini yenye kioo cha mita 10, ikiachwa bila ya msaada, hukusanya nuru nyingi mno lakini haioni kwa ukali zaidi kuliko darubini ya shibiri.

Newton aliyatambua hayo, naye katika kitabu chake cha nuru cha mwaka 1704 alitoa shauri moja, kwamba dawa ni kutafuta hewa tulivu, ambayo huenda ikapatikana juu ya vilele vya milima mirefu. Shauri hilo lilifuatwa kwa muda wa karne mbili na nusu, na ndilo lililowapeleka wanafalaki Mauna Kea huko Hawaii, kwenye mita 4,200, na Paranal katika jangwa la Chile, kwenye mita 2,600. Kwetu milima ya Shimba haifiki hata mita 500, nayo hupokea unyevu wote uletwao na pepo za bahari. Ukiongeza na taa za mahoteli ya Diani, itaonekana kwamba Kwale haikuumbiwa darubini kubwa, na sioni sababu ya kujidanganya katika hilo.

Njia ya pili ilikuwa kuikimbia hewa moja kwa moja, na hatua yake moja kubwa ilipigwa katika pwani yetu wenyewe, ingawa si upande wa kusini. Tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi chini ya uongozi wa Luigi Broglio, ikiwa imebeba setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutazama nyota kwa mionzi ya eksirei, ambayo hewa haiiyumbishi tu bali huizuia isifike chini abadani. Nayo iliorodhesha vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi ile, akatunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 2002. Lakini kupeleka darubini juu ya hewa ni gharama isiyo na kifani, na chombo kinachopandishwa na roketi hakiwezi kuwa na kioo cha upana upendao.

Ilibaki njia ya tatu, ambayo akili ya kawaida huikataa inapoisikia kwa mara ya kwanza: kukaa hapa hapa chini, kuiacha hewa ivuruge nuru kadiri itakavyo, kisha kukivuruga kioo nacho kwa kadiri ile ile kinyumenyume, ili makosa mawili yafutane. Aliyelitamka wazo hilo alikuwa Horace Babcock, mwanafalaki wa Mount Wilson na Palomar, mwaka 1953. Yeye alifikiria utando mwembamba wa mafuta juu ya kioo, ambao ungeinuliwa na kushushwa kwa umeme. Na Mrusi Vladimir Linnik alifika kwenye shauri lililo jirani na hilo mwaka 1957. Hakuna kati yao aliyeweza kulitenda, kwani kazi yataka mambo matatu yatimie kabla hewa haijabadilika: kupima jinsi nuru ilivyopindika, kufanya hesabu, na kukigeuza kioo umbo, nayo yote yarudiwe mara mia kadhaa, na siku hizi hata mara elfu, kwa kila sekunde. Mwaka 1953 haikuwapo kompyuta ya kuyafanya hayo.

Walioifanikisha kwanza hawakuwa na haja na nyota. Jeshi la Marekani lilitaka kuzipiga picha setilaiti za Warusi zipitapo juu, na katika miaka ya 1970 na 1980 likagharimia vioo hivyo kwa siri. Kioo chenyewe ni chembamba, na nyuma yake zimepangwa fimbo ndogo za fuwele ambayo ikipitishiwa umeme hutanuka au hunywea kwa kipimo kidogo kuliko unene wa unywele, ikikisukuma kioo hapa na kukivuta pale. Kwa kuwa nyota zing'aazo kiasi cha kutosha kuipimia hewa ni chache, walirusha mwali wa leza juu ili kujitengenezea nyota yao wenyewe, jambo lililofanywa na Robert Fugate na wenzake huko New Mexico; na wanasayansi wa raia, wasiojua lolote, wakawa wanahangaika upya na mambo yaliyokwisha kutatuliwa. Wafaransa Foy na Labeyrie walilichapisha wazo la nyota ya leza mwaka 1985 kana kwamba ni jipya, nao kwa upande wao walikuwa wakweli. Hatimaye, mnamo Mei 1991, siri ikafunuliwa. Kwa maoni yangu hii ni aibu ya elimu, kwamba miaka ilipotea bure. Lakini pia ni lazima kukiri kwamba pasipo fedha za vita huenda kioo kile kingebaki kwenye karatasi za Babcock.

Hata hivyo raia hawakungoja kufunguliwa mlango. Mwaka 1989, katika kituo cha Haute-Provence nchini Ufaransa, kikundi cha wanafalaki wa Ulaya kiliambatisha kwenye darubini ya mita 1.52 kioo kilichosukumwa na fimbo 19 tu, na nyota iliyokuwa ukungu ikakusanyika ikawa nukta. Leo moja ya darubini nne kubwa za Paranal ina kioo cha upana wa mita 1.1, chenye unene wa milimita mbili, na nyuma yake sumaku 1,170. Nayo hurusha miali minne ya leza hadi kilomita 90 juu, kwenye tabaka la sodiamu lililoachwa na vimondo vilivyoungua, ikawasha huko nyota nne za bandia.

Na sasa turudi kwenye Kausi. Katika buruji hiyo ndimo ulimo moyo wa Njia Nyeupe, ile kanda ya weupe inayokata mbingu, na majira ya kusi, mwezi wa Julai na Agosti, mtu aliyeko ufuoni Msambweni baada ya isha huiona imepanda juu sana upande wa kusini, nyuzi 65 hivi kutoka upeoni, ilhali walioko Mauna Kea huiona kwenye nyuzi 41 tu. Wanafalaki Reinhard Genzel, akitazama kutoka Chile, na Andrea Ghez, akitazama kutoka Hawaii, walizifuatilia nyota zilizosongamana mahali hapo mwaka baada ya mwaka. Na vioo vinavyojikunja vilipowapa ukali wa kuzitenga moja moja, waliiona nyota iitwayo S2 ikizunguka kitu kisichoonekana na kukamilisha mzunguko kwa miaka 16, kwa kasi ambayo haielezeki ila kwa kukubali kwamba pana shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni nne. Kwa hayo waligawana Nishani ya Nobel ya mwaka 2020 na Roger Penrose.

Picha na vipimo vya darubini za Paranal huwekwa wazi kwa umma, aghalabu baada ya mwaka mmoja, na mwanafunzi yeyote wa Matuga au Lungalunga mwenye kompyuta na mtandao aweza kuvichukua bila ya malipo. Ombi langu kwa walimu wa fizikia wa Kwale ni kwamba wawaonyeshe vijana wao hazina hiyo. Na kabla ya kuifungua, wawapeleke kwanza Wasini au Vanga, kwa mzee ambaye bado ajua kuhesabu nairuzi, wakiwa na daftari na kalamu, waiandike hesabu yake yote, mwongo kwa mwongo.